Kutafuta Mahali Mvuke wa Petroli Unapovujia

Taa ya injini inapowaka kwa sababu ya mvuke wa petroli, gari huendelea na safari kama kawaida. Halipungukiwi na nguvu wala halizimiki kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo, na kwa sababu hiyo hakuna hitilafu inayoshughulikiwa kwa pupa kuliko hii. Fundi huunganisha skana, chombo cha kusoma kompyuta ya gari, husoma msimbo wa hitilafu P0442 au P0456, huufuta, kisha mwenye gari hulipa na kuondoka. Wiki mbili baadaye taa imerudi. Hapo kifuniko cha tangi hubadilishwa, halafu vali, halafu kanista nzima, yaani kopo la kunasia mvuke, iliyonunuliwa kwa bei ghali kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, na taa bado inawaka. Nimeuona mzunguko huu mara nyingi katika gereji ninayofanyia kazi Eneo la Viwandani, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: msimbo umesomwa kana kwamba ni jina la kifaa kilichoharibika. Msimbo haujui kifaa. Unachoeleza ni kwamba gari lilijaribu kulifunga tangi lake pamoja na mabomba yake yote, likapima, likakuta hewa inapita. Anayetaka kujua inapita wapi lazima aelewe kwanza gari hilo lilipima vipi.

Petroli huvukiza wakati wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Aliyewahi kufungua kifuniko cha tangi saa nane mchana baada ya gari kushinda juani anaifahamu ile hewa inayofoka na harufu kali inayofuatana nayo. Nairobi hali hii huongezeka kidogo kwa sababu ya mwinuko: jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 83 ilhali Mombasa ni 101, na kimiminika chochote huvukiza kwa wepesi zaidi pale ambapo hewa inakigandamiza kidogo. Zamani mvuke huo uliachwa utoke kupitia tundu la kifuniko. Ndani yake mna benzini, ambayo husababisha saratani, na unapochanganyika na gesi za mabomba ya moshi chini ya jua kali hutengeneza ozoni, gesi inayochoma mapafu inapokuwa karibu na ardhi. Jimbo la California lilianza kudai mvuke huo uzuiwe katika magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya 1971.

Njia iliyobuniwa ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Mvuke hutoka tangini kupitia bomba jembamba na kuingia katika kopo la plastiki liitwalo kanista, ambalo limejaa punje za mkaa maalumu wenye vitundu vidogo mno visivyohesabika. Mkaa huo hunasa mvuke na kuacha hewa safi ipite. Injini inapokuwa imepata joto na gari linatembea, kompyuta hufungua vali iliyo upande wa injini, nami nitaiita vali ya kufyonza, na mvuto wa injini huvuta hewa kupitia mkaa, huubeba mvuke uliohifadhiwa na kuuchoma pamoja na mafuta ya kawaida. Hewa ya kuchukua nafasi yake huingia kupitia vali ya pili iliyo karibu na kanista, ambayo nitaiita vali ya kupumulia. Zizingatie vizuri tabia za vali hizi mbili, kwa maana nusu ya uchunguzi wote imo humo: katika magari mengi, vali ya kufyonza ikikosa umeme hujifunga, na vali ya kupumulia ikikosa umeme hubaki wazi.

Kuanzia magari ya mwaka 1996, sheria ya Marekani iliyataka magari yajipime yenyewe kama mfumo huu unavuja. Mwanzoni kiwango kilikuwa tundu la milimita 1. Kuanzia magari ya mwaka 2000 kiwango kilianza kushushwa hadi nusu milimita, tundu ambalo ni dogo kuliko ncha ya kalamu ya kawaida ya wino. Hilo ndilo jambo ambalo wenye magari hulikataa ninapowaeleza. Wanatarajia kuona petroli ikidondoka sakafuni, ilhali gari linalalamikia ufa mdogo ambao mara nyingi hupitisha mvuke tu.

Hapa inafaa kutaja jambo linalotuhusu moja kwa moja. Magari mengi ya Nairobi yaliletwa yakiwa yametumika Japani, na mtihani huu wa kujipima ulitokana na sheria ya Marekani. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko jingine laweza kuwa na kanista na vali ya kufyonza, lakini likakosa kihisi cha shinikizo la tangi na likakosa mtihani wenyewe. Gari la namna hiyo laweza kunuka petroli mwaka mzima bila taa yoyote kuwaka. Kabla ya kuanza kazi, basi, hakikisha kwa skana kama gari lililo mbele yako lina mtihani wa mvuke au halina, maana kimya cha taa kina maana tofauti katika magari hayo mawili.

Njia za kujipima zinatofautiana. Ya kwanza, ambayo ni ya zamani zaidi, hutumia mvuto wa injini: kompyuta huifunga vali ya kupumulia, huifungua vali ya kufyonza ili injini ivute hewa tangini, kisha huifunga hiyo nayo na kutazama kihisi cha shinikizo. Ombwe, yaani ule mvuto uliobaki tangini, likibaki palepale, mfumo ni mzima. Likipungua haraka, hewa inaingia mahali. Njia ya pili hutegemea baridi: gari likizimwa na tangi likaanza kupoa, mvuke uliomo husinyaa na kuzaa ombwe dogo ambalo hufunga swichi laini sana, na swichi isipofungika, kompyuta huhesabu kuwa mfumo unavuja. Njia ya tatu, ambayo Toyota nyingi hutumia, ni ya pampu ndogo ya umeme iliyowekwa pamoja na kanista. Baada ya gari kukaa limezimwa kwa muda wa saa 5, kompyuta huamka yenyewe. Kwanza pampu huvuta hewa kupitia tundu la nusu milimita lililotobolewa kwa makusudi kiwandani, na kompyuta hukumbuka shinikizo lililofikiwa. Kisha njia hubadilishwa, pampu ivute kutoka tangini. Tangi likishindwa kufikia shinikizo lile, maana yake ni kwamba mahali fulani pana tundu kubwa kuliko lile la kiwandani. Gari, kwa maneno mengine, linajilinganisha na tundu lake lenyewe. Injini ikiwa bado ina joto jingi baada ya saa 5, mtihani huahirishwa hadi gari litimize muda wa saa 7 likiwa limezimwa, na ikishindikana tena, muda wa saa 9 na nusu.

Masharti haya ndiyo yanayoeleza mambo ambayo wengi huyaona kama maajabu. Gari la teksi linaloendeshwa na madereva wawili kwa zamu, usiku na mchana, huenda lisipate muda wa saa 5 za kupumzika kwa majuma kadhaa, kwa hiyo mtihani haufanyiki, na taa iliyofutwa hukaa kimya kama kwamba hitilafu imepona. Gari hilo likipata kulala usiku mmoja au miwili, taa inawaka asubuhi yake, na dereva aliyelilaza ndiye anayelaumiwa. Vilevile magari mengi yanayotumia mvuto wa injini hayajipimi mpaka tangi liwe na mafuta kati ya asilimia 15 na 85 hivi. Mtu anayeweka petroli ya shilingi mia tano kila asubuhi, akizunguka na mshale ukiwa chini kabisa, anaweza kukaa muda mrefu sana bila gari lake kujichunguza. Mwinuko nao ni sharti. Toyota nyingi zenye pampu hazifanyi mtihani juu ya mita 2,400, kwa hiyo Nairobi yenyewe haina tatizo, ila gari linalolala kila siku Kinangop laweza lisijipime kamwe.

Mwinuko una mtego mwingine, nao umewahi kupoteza fedha za watu. Baadhi ya vihisi vya tangi hupima shinikizo lote la hewa, wala si tofauti kati ya ndani na nje. Ukifungua kifuniko cha tangi na kuwasha swichi bila kuwasha injini, kihisi kizima cha aina hiyo kitaonyesha takriban 83 hapa Nairobi. Fundi anayesoma mwongozo uliomzoesha tarakimu karibu na 100 atasema kihisi kimekufa, atauza kingine, na kile kipya kitaonyesha 83 vilevile. Linganisha tarakimu hiyo na ya kihisi kingine cha hewa cha injini, ambacho injini ikiwa imezimwa nacho husoma hewa ya jiji. Vikikubaliana, viache vyote.

Misimbo yenyewe haihitaji maelezo marefu. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 ni mdogo, P0456 ni mdogo mno, na P0457 huashiria kifuniko kilicholegea au kisichokuwapo. P0441 inahusu ufyonzaji usio sahihi, P0443 inahusu umeme wa vali ya kufyonza, na P0446 inahusu upande wa kupumulia. Muhimu zaidi ni kutoufuta msimbo kabla ya kusoma kumbukumbu iliyohifadhiwa pamoja nao, ambayo huonyesha hali ilivyokuwa hitilafu ilipogunduliwa: kiasi cha mafuta, joto la injini, mwendo. Nikikuta kwamba tangi lilikuwa karibu kujaa, nauliza kama gari lilikuwa limetoka kuongezwa mafuta siku hiyo. Mara kadhaa jibu limekuwa kwamba kifuniko kilisahauliwa juu ya pampu ya kituo na kikanunuliwa kingine njiani.

Kifuniko basi kina haki ya kutazamwa kwanza, ila kutazama si kubadilisha. Mpira wake upitishwe kidole kuzunguka pande zote: usiwe na ufa, usiwe umebonyea upande mmoja, na mdomo wa bomba la kujazia usiwe na kutu mahali mpira unapokalia. Vifuniko vya bei rahisi vinavyouzwa kando ya barabara mara nyingi huingia vizuri kwenye hesi, hata vikatoa mlio vinapokazwa, lakini mpira wake haufiki mahali panapotakiwa. Nimewahi kuona gari lililokuja na msimbo mdogo na kuondoka gereji ya kwanza na msimbo mkubwa kwa sababu ya kifuniko kipya.

Baada ya hapo pima vali ya kufyonza, kwa kuwa hilo halihitaji chombo chochote. Injini ikiwa ya baridi na inanguruma bila gari kwenda, chomoa mpira wa upande wa kanista na uweke kidole kwenye mdomo wa vali. Kusiwe na mvuto wowote. Ukihisi kidole kikivutwa, vali haijifungi, na hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa inafanya gari lisumbue kuwaka mara tu baada ya kujazwa petroli, maana injini inakunywa mvuke usiohitajika. Kisha ing'oe na uigonge polepole juu ya karatasi nyeupe. Hili ni jambo dogo ambalo ningependa kila fundi alizoee. Zikianguka punje nyeusi, hata tano au sita tu zinazofanana na mbegu ndogo, ujue kanista imepasuka ndani na mkaa wake unasafiri. Punje moja ikikaa kwenye mdomo wa vali inatosha kuizuia isifunge. Ukibadilisha vali peke yake, ile mpya itazibwa na punje nyingine kabla ya mwezi kwisha.

Mara nyingi kinachoiharibu kanista ni ukarimu wa kituo cha mafuta. Pampu inapojikata, tangi limefika kiwango chake, na nafasi inayobaki juu ni ya mvuke. Mhudumu anapoendelea kubonyeza ili kukamilisha hesabu ya shilingi, petroli yenyewe, ikiwa kimiminika, hupanda bomba la mvuke na kuulowesha mkaa. Mkaa ulioloweshwa hauwezi tena kazi yake. Kinyume chake pia kinatufundisha: pampu inayojikata kila baada ya sekunde chache ilhali tangi ni tupu inaonyesha kwamba hewa ya tangini haina pa kutokea, na hapo tazama vali ya kupumulia na kichujio chake. Vifaa hivyo, kwa magari mengi, vimefungwa chini karibu na gurudumu la nyuma, mahali panapopokea vumbi lote la barabara za murami, na nimewahi kukuta kichujio kilichojaa udongo mwekundu ulioshikana kama tofali.

Vali ya kupumulia yenyewe hupimwa kwa pumzi. Ikiwa haina umeme, hewa ipite. Ukiipa volti 12, ilie mara moja na hewa isipite hata kidogo. Ile inayofunga kwa asilimia tisini tu ndiyo mbaya zaidi, maana mlio wake unamridhisha fundi huku uvujaji ukiendelea.

Yote hayo yakiwa sawa na taa bado inarudi, wakati wa mashine ya moshi umefika, na hapa lazima niseme kwa uzito. Mfumo huu hupimwa kwa shinikizo lisilozidi psi 1. Gurudumu la gari dogo lina takriban 30. Fundi anayepuliza tangi kwa kompresa ya kujazia magurudumu anaweza kupasua kanista, kuharibu kihisi, na kuuchanganya mvuke wa petroli na hewa nyingi ndani ya chombo kilichofungwa, mchanganyiko unaongoja cheche moja tu. Mashine nzuri hutengeneza moshi kutokana na mafuta mepesi ya madini na kuusukuma kwa naitrojeni au kaboni dioksidi, gesi ambazo haziwezi kusaidia moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kutuama kwenye shimo la gereji, kwa hiyo kazi hii haifanywi juu ya shimo wala karibu na mtu anayechomelea.

Moshi huingizwa kupitia mpira wa vali ya kufyonza, vali ya kupumulia ikiwa imeamriwa kwa skana ifunge. Mfumo ukishajaa, kipima mtiririko cha mashine kitaonyesha kama kuna mahali gesi inatorokea. Kigololi chake kikitua chini kabisa, hakuna. Kisha taa yenye mwanga mkali hupitishwa polepole: bomba la kujazia, maungio ya mipira iliyokauka, kanista, mahali panya walipotafuna, na juu ya tangi. Kumbuka kwamba moshi ulioingizwa upande wa tangi hauwezi kukuonyesha vali ya kufyonza inayovuja, kwa sababu hiyo huvujia ndani ya injini. Ndiyo sababu vali hiyo ilipimwa mapema kwa kidole.

Mwezi mmoja uliopita mwalimu wa shule ya upili alituletea gari lake likiwa na P0456. Alikuwa ameshauziwa kifuniko, vali ya kufyonza na kanista katika gereji nyingine, na risiti zote alikuwa nazo ndani ya bahasha. Nilimwuliza taa iliwaka mara ya kwanza lini. Alifikiri kidogo, akasema ilianza kama wiki tatu baada ya pampu ya petroli kubadilishwa. "Lakini pampu inafanya kazi vizuri, fundi," akaongeza, kana kwamba anaitetea. Hilo swali ni la bure na ndilo lililokuwa halijaulizwa. Tuliunganisha moshi, na kigololi kikaelea juu kidogo tu ya alama ya sifuri. Tukainua kiti cha nyuma na kuondoa kifuniko cha bati kinachoilinda pampu. Kwa dakika tatu nzima hatukuona kitu. Kisha ukatokea uzi mmoja wa moshi, mwembamba kama wa ubani, ukipanda wima kutoka ukingo wa pampu upande wa kushoto. Pete ya mpira iliyo chini ya ukingo ule ilikuwa ya zamani, imetanuka kwa petroli, na aliyeirudisha aliibana ikajikunja kwa urefu usiozidi ukucha wa kidole kidogo.

Pete mpya ilikuwa kifaa cha bei nafuu kuliko vyote alivyokuwa ameshanunua. Tulisafisha kitako chake, tukaikalisha ikiwa kavu na imenyooka, tukakaza ukingo, tukarudisha moshi, na kigololi kikatua. Sikuufuta msimbo. Nilimwomba aweke petroli nusu tangi, aliegeshe gari nyumbani usiku kama kawaida, na aache kompyuta yake ifanye mtihani bila kusaidiwa, kwa kuwa taa huzimika yenyewe mtihani ukifaulu mara tatu mfululizo. Siku ya tano asubuhi alinitumia picha ya dashibodi, injini ikinguruma, na mahali pa taa ya njano pakiwa peusi.